Ukuta wa Umm Jasim

Sisi Wakenya tuliolelewa Al Wukair, Qatar, kabla haijajaa majumba, utoto wetu ulikuwa wa vumbi, na hatutaki huruma ya mtu. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, uwanjani mpaka masikio yakajaa mchanga, tukala chapati iliyokunjwa na jibini la kopo, na jua likizidi, mbio kwa Umm Jasim.

Huyu alikuwa bibi Mqatari, jirani yetu. Mwanawe, Jasim, alimjengea jumba la vioo, lakini kila alasiri bibi alirudi nyuma ya jumba hilo, kwenye nyumba ya udongo alimozaliwa, akatukaangia lugeimat, yaani kaimati zetu zilezile, zikichuruzika asali ya tende. Mle ndani kulikuwa na ubaridi kushinda AC yetu. Harufu ya udi na udongo ninayo puani hadi leo.

Kisha mtaa ukaanza kukua. Jasim akataka kubomoa ajenge nyumba za kupangisha, mamake akalia mpaka akakataa kula. Jasim hakuwa mtu mbaya. Alisema nyumba ikistahimili mvua za msimu ule wa baridi, ataiacha. Ukuta ukianguka, analeta tingatinga.

Baba, Mungu ambariki, akajitolea kuitengeneza. Kwa mtu wa Vihiga, kule Kenya, aliyezaliwa kwenye nyumba ya matope, saruji ndiyo maendeleo. Aliziba nyufa zote kwa saruji, akajipiga kifua: "Hiyo sasa ni nyumba!" Mvua ya kwanza tu, maji yakaingia kwa juu yakakosa pa kutokea, saruji ikabanduka na kipande kizima cha ukuta. Jasim akasema tingatinga inakuja Jumapili.

Mama alikuwa muuguzi, na ulimi wake haukuwa na ganzi. "Baba Kageha," akamwambia, Kageha ndiye mimi, "umefunga kidonda kibichi kwa nailoni! Udongo unapumua. Nyumba ya udongo inadai mkono wako kila mwaka, si unapaka mara moja ukalale."

Ijumaa hiyo akawaita akina mama wa kampaundi, Wakenya kwa Waganda, leso viunoni. Wakaibandua saruji yote. Sisi watoto tukakanyaga udongo na nyasi kavu za zizi la mbuzi, tukiimba, tukiangushana, matope hadi kwenye nywele. Raha iliyoje! Umm Jasim akakunja mikono ya abaya akakandika nasi. Jioni Mama akatuambia kila mtoto abandike kiganja chake kando ya mlango, udongo ukiwa bado mbichi.

Jumapili Jasim akaja na tingatinga yake, akamkuta mamake ana udongo hadi kwenye viwiko, anacheka. Akamtazama weee, akairudisha tingatinga. "Tungoje mvua nyingine," akasema. Mvua ikaja, ya radi. Asubuhi yake Jasim akaupiga ukuta kofi moja, nao ukanyamaza tu. "Khalas," akasema, yaani basi, yamekwisha, na neno lake limesimama hadi leo.

Umm Jasim ametangulia mbele ya haki. Mama amerudi Vihiga. Majumba yameizunguka nyumba ile pande zote, na kila mwaka kabla ya baridi tunaikandika, mtu apende asipende. Watoto wetu, maskini, wanakuja na raba nyeupe, wanajipiga picha ukutani kwanza, halafu wanauliza sabuni iko wapi. Juzi kifungua mimba wangu akaniuliza, "Mama, si mpake tu saruji muishe?" Nilicheka, nikamwona babu yake mzima mzima ndani yake! Nikamtia bonge la udongo mkononi, nikampeleka kando ya mlango.

Viganja vyetu vimo pale, chini ya udongo wa miaka yote hiyo. Kile changu kidogo sikioni tena, na kila mwaka nakifunika zaidi kwa mkono wangu mwenyewe, ili kisibomolewe.