Askale na Saa Iliyokuwa Ikinung'unika Mlimani

Hivi umewahi kujiuliza anakwenda wapi yule anayeongoza mbio ndefu, kifua mbele, wenzake wamejipanga nyuma yake, halafu ukigeuka kumimina chai na kutazama tena, hayupo?

Yuko kando ya barabara. Amejifunika blanketi, anatafuta gari la kumrudisha. Kazi yake imekwisha. Askale Wondimu, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, amekaa kando ya barabara namna hiyo mara ishirini na tatu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mji wa milimani wa Debre Birhan. Umande umeganda juu ya nyasi kama chumvi iliyomwagika. Askale anainama, anafunga kamba ya kiatu cha kushoto mafundo mawili, cha kulia fundo moja, ndivyo alivyozoea tangu usichana. Anaokota mawe mawili ya kumtishia fisi, maana huku juu fisi huchelewa kulala. Kisha anakunja mkono wa sweta, anavaa saa na kuikaza mpaka tundu la nne. Tundu la tatu linaiacha icheze, na ikicheza inasoma mapigo ya moyo ya uongo.

Nyuma yake wasichana tisa wanasimama mstari mmoja. Anapokanyaga yeye, nao wanakanyaga. Akiruka mzizi wa mkalitusi, mzizi ule unarukwa mara kumi. Ukifumba macho utadhani anakimbia mtu mmoja mwenye miguu mizito.

Wanaupanda mlima wa kwanza, na saa iko kimya.

Miezi miwili iliyopita isingenyamaza. Ingelia na kutetemeka kuanzia bondeni mpaka kileleni, na kidogo tu imwondoe Askale kwenye kazi yake.

Kazi hiyo ni ya mweka kasi. Mazoezini anakwenda mbele ili wengine wasihangaike kufikiria mwendo, wafuate tu. Siku ya mashindano anawavuta mpaka kilomita ya ishirini na tano, wakati mwingine thelathini, kisha anatoka njiani, na wao wanaendelea kwenye utepe na picha. Klabu ya wanawake inamlipa birr elfu tano na mia mbili kwa mwezi. Kodi ya chumba inakula karibu nusu. Mchana anakaanga shayiri kwenye kikaango kipana cha udongo. Nyingine anaiuza kavu ya kutafuna, nyingine anaisaga iwe beso, unga wa kukoroga na maji na asali, ambao hao hao wasichana ndio wanaoumaliza.

"Mama yangu mpaka anafariki alikuwa akiniuliza, 'Ulikuwa wa ngapi leo?'" anasimulia huku akichagua vijiwe kwenye ungo. "Namwambia nilikuwa wa kwanza. Sikumwambia wa kwanza mpaka wapi."

Saa yenyewe ilitoka ng'ambo. Mkimbiaji wa zamani wa klabu, aliyeolewa huko, aliituma ndani ya soksi. Ilikuwa saa moja kwa watu kumi na mmoja, na kocha Lemma Gizaw, ambaye kila mtu humwita Gashe kwa heshima ya umri wake, akaamua itavaliwa na anayeongoza.

Gashe Lemma alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, mtu wa filimbi na daftari. Alivaa miwani, akakaa juu ya jiwe na kuanza kuijaza saa mambo iliyokuwa ikiuliza. Uzito. Urefu. Mwaka wa kuzaliwa. Askale akajibu bila kusita kuwa alizaliwa mwaka 1978, mwezi wa Miyazia, mvua ndogo zilipokuwa zikinyesha. Gashe akaandika 1978. Hakuna aliyekosea, kwa walivyojua wao.

Tangu siku hiyo saa haikumpa Askale raha. Kila mlima, mapigo yakifika mia moja hamsini na nane, inalia. Kioo kinakuwa chekundu. Wakimaliza mazoezi, inamwamuru apumzike siku tatu. Wasichana wakaibatiza jina, Mama Mkwe, kwa kuwa hakuna alichofanya Askale kikaipendeza.

"Leo Mama Mkwe amekusemaje?" walikuwa wakimuuliza bombani, mazoezi yanapoishia.

"Amesema nimepika mchuzi wa shiro na chumvi nyingi," anawajibu, nao wanacheka mpaka wanamwaga maji.

Lakini moyoni hakuwa akicheka. Alianza kuitii. Ikilia, anapunguza mwendo, na kumi walio nyuma wanapunguza naye. Muda wa kilomita kumi na tano ukaongezeka dakika mbili nzima. Usiku hapati usingizi, na asubuhi saa inamwambia hukulala vizuri, kana kwamba alihitaji kuambiwa.

Mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya Meskel, Gashe Lemma akamwita pembeni. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomuuma Askale. Alisema chombo hakina chuki na mtu, kimeona moyo wake umechoka, na sikukuu ikipita Birke ndiye atakayekwenda mbele.

Birke Ayalew ana miaka kumi na tisa. Ni mrefu, mcheshi, na ni Askale mwenyewe aliyemfundisha kushuka mlima bila kuumiza magoti.

"Mtu akitaka kuniondoa mbele, aniambie miguu yangu imefanya nini," anasema Askale. "Mimi niliambiwa mkono wangu umesema nini."

Mwingine angeitupa saa kisimani. Askale akafanya jambo ambalo nalipenda kuliko yote katika habari zake. Akasema kama chombo hiki kina akili, basi kitumike na kwa wengine, kisikae kumsema yeye tu. Akanunua daftari la kurasa thelathini na mbili. Kila usiku msichana mmoja analala na saa, na alfajiri Askale anaandika mapigo ya moyo wake uliopumzika, kabla hajashusha mguu kitandani. Zamu ikiisha inaanza upya.

Wengi namba zao zilikaa palepale, kama mtu mwenye kiti chake kanisani. Namba za Birke zilikuwa zinapanda, na moyo uliopumzika hautakiwi kwenda mbio. Arobaini na sita. Hamsini na tisa. Wiki ya nne, sitini na nne.

Hapo Askale akapata mtihani. Birke ndiye aliyekuwa anachukua nafasi yake. Akifungua mdomo kusema huyu mtoto ana kasoro, nani atamwamini? Watasema mama mzima anang'ang'ania kazi. Anakiri alinyamaza siku tatu. Siku ya nne, kwenye kupanda, hatua ya nyuma yake ikapotea. Alizoea kuisikia kama mtu anavyosikia pumzi ya mwanawe kitandani. Akageuka, akamkuta Birke ameshika mti, midomo imepauka kama karatasi.

Wakashuka. Bombani Askale akamfungulia Gashe daftari. Kocha akaangalia namba, akavua miwani.

"Hii si ndiyo saa iliyosema wewe umechoka? Ulisema inadanganya," akamwambia. "Sasa imesema na Birke, unaiamini?"

"Mimi sijui inaposema kweli ni wapi na inapodanganya ni wapi, Gashe. Ila namjua Birke."

Birke mwenyewe alinuna. Alikuwa na hamu ya kwenda mbele na alidhani dada Askale anamtega mguu. Njia nzima ya kwenda zahanati hakumsemesha. Askale alimbebea viatu.

Muuguzi aliyewapokea, Sista Emebet, alimtoboa kidole, akapima, akarudia kupima. Kiwango cha damu kilikuwa nane, chini sana. Akamuuliza Birke anakula nini. Ikaonekana kwamba zaidi ya siku za mfungo, Jumatano na Ijumaa, alijiongezea mfungo wake mwenyewe ili awe mwepesi wa kuongoza. Mkate mkavu wa injera na chai, basi. Sista akasema wiki nyingine mbili za milima, angeanguka mahali pabaya.

Kisha akaomba aione hiyo saa iliyomleta mgonjwa. Akaibofyabofya, kama watu wa zahanati walivyo, hawawezi kuona kipimo wakakiacha. Akanyanyua kichwa.

"Na huyu mama wa miaka arobaini na saba ni nani?"

Wakatazamana. Chumbani mule hakukuwa na mtu wa miaka hiyo. Sista mwenyewe ana thelathini.

Ndipo akaona 1978, na akaanza kucheka huku ameshika meza. Mwaka ule ni wa kalenda ya nyumbani, inayokuja nyuma ya ile ya ng'ambo miaka saba au minane. Saa ya watu haikujua habari za Miyazia wala mvua ndogo. Ilihesabu kwa kalenda yake, ikampata mwanamke wa makamo anayepandishwa milima kila alfajiri, ikaingiwa na huruma na kuanza kupiga kelele. Sista akabadilisha mwaka kuwa 1986.

"Haya, umepungua miaka minane na hujalipa kitu," akamwambia.

Birke alikuwa amejilaza pale na pamba kidoleni. Alicheka naye, kisha kicheko kikageuka kilio, akamshika Askale mkono uleule wa saa na hakuuachia mpaka walipoondoka.

Nilipomuuliza Askale sasa anaionaje, nzuri au mbaya, alimaliza kwanza kupepeta. Akasema uzuri wa saa ni kwamba haimpendelei mtu na haichoki kuhesabu. Kile ilichokihesabu yenyewe mkononi mwa Birke kilikuwa kweli tupu. Ubaya wake ni kwamba haijui isichoambiwa. Haijui Ijumaa. Haijui kwamba umefiwa, au umegombana na mwenye nyumba, au matope yameshika kiatu. Na ukiiambia uongo bila kukusudia, inaushikilia kama kupe.

Kwa hiyo ameweka sharti moja, na hata kocha analifuata. Hakuna kuitazama saa njiani. Njiani watu wanatazama miguu ya aliye mbele. Saa itasomwa bombani, watu wakishakunywa maji.

Asubuhi hii wamefika bombani saa moja kasoro robo, jasho linawafuka mvuke kichwani kama vyungu. Birke anawasubiri pale. Ana wiki ya sita ya vidonge vya kuongeza damu na dengu kila mlo, na Sista amemruhusu kukimbia taratibu tu. Siku hizi yeye ndiye mtunza saa. Anaifungua mkononi mwa Askale, anaifuta na kitambaa, anawasomea wenzake. Mlima wa pili, mia moja sitini. Mama Mkwe hakusema neno.

Gashe Lemma anakohoa. Anataka kuzungumzia mbio za mji mkuu, mwezi wa Tir, kilomita arobaini na mbili. Lakini kwanza anasema mbele ya wote kwamba alimkosea Askale, kwamba nafasi ya mbele ni yake na hakuna atakayeigusa tena. Si jambo dogo kwa mwalimu wa zamani. Wasichana wanapiga vigelegele.

Askale anasukutua mdomo, anatema maji kando.

Saa ina mahali pa kuandika lengo. Siku zote ameandikiwa na kocha. Birke ameshaweka kidole tayari.

"Niandike thelathini, dada? Kama kawaida?"

Askale anachuchumaa, anafungua fundo la kiatu cha kulia, analifunga tena. Anapoinuka anamtazama kocha, si Birke.

"Gashe, hiyo nafasi ya mbele nilikuwa naipigania kwa sababu ndiyo niliyopewa. Birke akipona mpe, anaiweza. Tir nitawavuta mpaka thelathini, kazi ni kazi. Baada ya hapo sitoki njiani. Miaka yote hii nilikuwa nataka kufika mwisho, hata nikiwa wa mia. Birke, andika arobaini na mbili. Na zile mita zake mia moja tisini na tano, usiache hata moja."