Bitana ya Fundi

Fundi wa majoho pale Bongwe hakushona joho bila bitana ya hariri kwa ndani, hata bwana harusi ambembeleze kwamba ndani hapaonekani. Kabla ya kukata, alipitisha kidole gumba juu ya hariri polepole, akitafuta uzi uliokwaruzika, na sigara inaning'inia mdomoni. Muuguzi Twaiba, alipomletea joho la kaka yake litiwe bitana, hakuuvumilia moshi ule.

"Shikamoo, Baba. Mishipa yako ya damu nayo ina bitana, laini, ili damu ipite bila kukwama. Moshi huikwaruza, na palipokwaruzika damu huganda."

"Marahaba. Bitana yangu kaishona Mola, mwanangu," alijibu akicheka. "Haifumuki."

"Na hariri hiyo kaiumba nani? Mbona waikagua?"

Fundi aliiweka sigara mbali na kitambaa, cheche isije ikakiharibu. Alimaliza pindo lake, sawasawa kama kawaida, kisha akaiokota sigara na kuirudisha mdomoni.

Mwezi wa Shaabani kiharusi kilimkuta kwenye cherehani. Yu hai na anazungumza, lakini mkono wake wa kulia haushiki tena mkasi.