Kengele ya Watu wa Nyumba

Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu yake kundi la wateja wa kampuni fulani, watu chungu nzima wanaolalamika na kushauriana humo bila kuonana sura. Akanionyesha pia kwamba wafanyakazi wa kampuni wakiingia kujibu, kando ya majina yao kuna alama ndogo ya buluu, ili kila mtu ajue kwamba huyu anayesifia anakula kwenye sufuria ya mwenye mali. "Ni teknolojia mupya, tantine," akaniambia, kwa ule upole ambao vijana huutumia wakisema na wagonjwa.

Mpya kabisa. Sisi wa Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, tuliivumbua wakati wa vita, bila umeme, bila barabara, na majuma mengine bila chumvi. Alama yetu ilikuwa kengele ya baiskeli.

Mtandao wetu wakati huo ulikuwa fonie, yaani redio ya kutuma na kupokea sauti, yenye betri ya gari na waya mrefu uliofungwa juu ya mianzi miwili. Ilikuwa mali ya tajiri mmoja mwenye maboti, tuliyemwita Patroni. Alikuwa na fonie nyingine Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ambako nusu ya ndugu zetu walikuwa wamekimbilia. Kijiji cha Nundu walikuwa na yao, Fizi kule mlimani yao, na wote tulikuwa kwenye masafa yale yale. Ukimwambia mkeo umemkumbuka, Nundu wanakohoa. Ukiuliza kama deni la mbuzi limelipwa, Fizi wanakujibu kabla ya mdaiwa. Siri haikuwepo, na ukweli wenyewe ulikuwa wa kubahatisha, kwa sababu sauti haina uso.

Mama yangu alikuwa Kigoma na wadogo zangu. Aliondoka siku ile habari za mauaji ya Makobola zilipotufikia, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mimi nilibaki na baba, aliyekataa kuondoka kwa sababu alikuwa fundi wa baiskeli na shemasi wa kanisa, na aliamini kwamba Mungu na wateja watamtafuta palepale alipo. Mungu sijui. Wateja walikuwa wamekwisha, kwani wenye bunduki walichukua baiskeli zote za mji, hata zile zilizokuwa miguu juu ndani ya karakana yetu. Walichoacha ni sanduku la kengele. Mtu anayekuja kuiba hana haja ya kengele.

Kila alasiri tulikwenda kukaa kwenye benchi la fonie, baba na mimi, kusikia sauti ya mama. Swali lake lilikuwa moja kila mara: "Nikuye ao nisikuye?" Arudi au asirudi. Baba, ambaye kila jioni alikuwa akila ugali wangu uliojaa mabuje, madonge ya unga mbichi, alitaka arudi jana. Ila aliogopa kulisema peke yake, basi alisubiri kusikia wengine wanasemaje kuhusu hali ya ziwa.

Na wengine walisema, Mungu awabariki. Palikuwa na Mama wa Swima, bibi mmoja mwenye kikohozi na huruma, aliyevuka ziwa kila juma kwa boti ya Patroni na kila juma akakuta maji yametulia, wanajeshi wameondoka na nahodha ana adabu. Palikuwa na Papa wa Nundu, aliyefanya safari hiyo na mbuzi zake, na mbuzi nao waliridhika. Ukisikiliza masafa yale ungedhani vita ni uvumi wa watu wasio na nauli. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na boti ya Patroni ilijitembeza kutoka Uvira mpaka Kalemie.

Mama alimpenda sana Mama wa Swima. "Ule mama ana roho," alikuwa akisema. "Eko anasema sawa muntu mwenye kuzaa."

Siku moja nilikwenda Swima kununua ndagala, yaani dagaa, za kuuza, na kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikauliza nyumba ya Mama wa Swima wa fonie nikamsalimie. Wanawake waliokuwa wanaanika samaki waliniangalia kama mtu aliyeulizia kituo cha treni. Fonie ya Swima, wakaniambia, ilibebwa na askari zamani, betri, waya na hata meza. Kwao hakuna aliyesema na Kigoma tangu hapo, isipokuwa kwa maombi.

Nilirudi Baraka na beseni langu kichwani, nikapitia depo, yaani ghala, ya Patroni pale ufukweni, kwa kuwa walikuwa wakinunua ndagala zangu. Na nyuma ya ukuta wa mabati nikamsikia Mama wa Swima anakohoa. Nikachungulia. Alikuwa binti wa umri wangu, karani wa Patroni wa kuuza tiketi, ameketi mbele ya fonie ya pili, kitambaa juu ya kinasasauti cha kusemea, anavuka ziwa kwa huruma. Aliponiona alimaliza kwanza kusifu nahodha, akasema "à vous," neno la fonie la kumwachia mwenzako zamu, ndipo akaona haya.

Nilimwambia baba. Baba hakupandisha sauti. Alikwenda kuvaa koti la kanisa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Siku iliyofuata benchi zima lilimkabili Patroni. Baba hakumwomba awanyamazishe watu wake. Alitaka kitu kimoja tu: anayekula kwa Patroni ajulikane anapofungua kinywa.

"Mwamba ngoma huvutia kwake, hatukatai," baba alisema. "Lakini tuone mukono wenye kuvuta."

Patroni alikuwa mtu mwema sana kila alipokamatwa. Alikataza mtu kusemea kwenye fonie ya depo, akawaleta watu wake wote kwenye nyumba ya fonie mbele ya macho yetu, na baada ya juma moja akawavalisha jile, yaani vizibao. Zilikuwa jile za manjano, mpya, zilizoandikwa mgongoni kwa herufi kubwa kwamba huyu ni mtu wa nyumba, yaani anayekula kwa Patroni. Alizitoa kwa sherehe na soda. Watu wake wakaketi mbele ya kinasasauti, wanang'aa kama maua ya maboga, wakaendelea kusifu boti kwa masafa yote. Tulipiga makofi. Naona haya kuyasema, lakini tulipiga makofi, na tulikuwa na soda mkononi, kabla baba hajauliza swali lake.

"Patroni, muntu wa Kigoma ataona jile na sikio?"

Tulikuwa tumewavalisha watu wa redio nguo ili wajulikane.

Ndipo baba alipokwenda kwenye sanduku lake. Akaleta kengele ya baiskeli iliyo nzima, akaifunga kwa skrubu kwenye meza, kando ya kinasasauti. Sheria ikawa hiyo: mtu wa nyumba, kabla ya neno lolote, apige kengele. Patroni, aliyekuwa bado ameshika soda, akaikuza zaidi mbele ya umati: atakayesema bila kengele atafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Benchi likamchagua baba awe mlinzi wa kengele. Hakulipwa, akafurahi kuliko waliolipwa.

Na kweli ilifanya kazi. Kengele ikilia, Nundu wanazima ili kutunza betri. Mbuzi za Papa wa Nundu hazikuvuka tena. Yule binti karani aliugua ugonjwa wa kukosa la kusema. Alikaa pale ndani ya jile yake, anakata tiketi na kupima betri. Mama aliuliza mara kadhaa Mama wa Swima amekwenda wapi. Baba alijibu kwamba yuko na kazi. Hilo halikuwa uongo, alinieleza njiani bila mimi kumuuliza.

Miezi ikapita, ziwa likatulia kweli, au tulichoka kuogopa. Baba akakata shauri. Akamwambia mama apande boti ya Patroni inayotoka Kigoma, yeye na wadogo zangu. Mama akafunga mizigo. Nyumbani baba aliniamuru nipake ukuta udongo upya, akanunua sahani, mtu ambaye tangu vita vianze alikuwa akila kwenye mfuniko wa sufuria.

Siku ya mwisho kabla ya safari mama aliita. Alikuwa na furaha, watoto wanasikika nyuma yake wakigombana. Baba alikuwa mahali pake, mkono karibu na kengele. Binti karani alikuwa upande wa pili wa meza. Tangu asubuhi hakuwa sawa. Binamu yake alikuwa amefika kwa miguu akipita kando ya ziwa, akamwambia kwamba wenye bunduki wameficha mitumbwi kwenye matete wanangoja boti hiyo. Alimpelekea Patroni habari, na Patroni akamwambia kuwa hizo ni fitina za wenye maboti mengine. Hayo tuliyajua baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba anapima betri ile ile mara ya tatu.

"Basi kesho tutaonana, Papa ya batoto," mama alisema. "À vous."

Baba alikuwa anainamia kinasasauti. Binti akamtangulia. Akavua ile jile, akaiweka chini, akavuta kinasasauti kwake, na akakohoa.

"Mama ya batoto, ni miye wa Swima. Usikuye. Hiyo boti, usiipande. À vous."

Hakugusa kengele.

Nilimtazama baba. Kila kitu alichokitaka duniani kilikuwa kwenye boti ile: mke, watoto, ugali usio na mabuje. Mbele yake mtu wa nyumba amesema bila kengele, kwa sauti ya mtu asiyekuwepo, tena baada ya baba mwenyewe kuweka sheria. Angepiga kengele mara moja tu, mama angejua anayesema ni nani, na pengine angecheka na kuja. Mkono wake ukaenda. Ukaifunika kengele yote, kama anayefunika mshumaa usizimwe na upepo, na ukabaki pale.

Upande wa Kigoma kelele za watoto zikanyamazishwa.

"Mama wa Swima," mama akasema polepole, "we haujaisema ile boti mubaya hata siku moya. Kama leo mwenye duka njo anakataza watu kununua, mi nafungua mizigo. Papa ya batoto, unisamehe. À vous."

Baba alisema neno moja: "Ngoja." Tukaenda nyumbani, na sahani mpya zikakaa.

Boti iliondoka na wachache, kwa sababu Kigoma nao walikuwa wamesikia. Waliofika walikuwa wachache zaidi. Sitaki kueleza walichokieleza. Kuna nyumba Baraka ambazo mpaka leo nikipita mbele yake naongeza mwendo.

Matanga hayajaisha, Patroni akaja kwenye fonie kutetea jina lake. Kumshitaki binti kwa uongo hangeweza. Maiti zilikuwa shahidi. Basi akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa sheria. Alisimama na transista yake kwapani, ile aliyokuwa akisikilizia masafa akiwa ufukweni, akasema kwa huzuni ya askofu kwamba sheria hii tuliiomba sisi wenyewe. Binti amesema bila kengele, na asiyepiga kengele anafukuzwa. Binti alikuwa mlangoni, jile imekunjwa mkononi, tayari kuirudisha. Alikuwa akiwalisha mama yake na yule binamu.

"Mwenye kulinda kengele ni shemasi, muntu ya Mungu," Patroni akasema. "Yeye hawezi kudanganya. Papa Shemasi, ule mutoto alipiga kengele ao hakupiga?"

Baba alisimama. Alikuwa mtu aliyewahi kurudi sokoni kwa miguu kurudisha ndizi moja iliyozidi. Akakitazama kile chuma chake pale mezani.

"Alipiga," akasema.

Patroni akacheka. Akasema yeye alikuwa na transista sikioni na hakusikia kitu.

"Mapile ya transista yako yamezeeka, Patroni," akasema bibi mmoja wa benchi, aliyempoteza mtoto wa dada yake kwenye boti ile. "Siye tulisikia."

"Tulisikia," benchi likasema.

Fonie ilikuwa wazi, na masafa hayana adabu. Nundu wakaingia bila kuitwa, wakasema hata kwao ilisikika. Fizi wakasema kule mlimani ilisikika mara mbili, kwa sababu ya mwangwi. Patroni, jasho linamtoka, akanyakua kinasasauti mwenyewe akaita Kigoma, pale walipo watu wa kusema kweli, akauliza kama siku ile walisikia kengele.

Pakawa na mikwaruzo. Kisha sauti ya mama.

"Kengele? Iliita mpaka batoto bakaziba masikio. Patroni, ule mutoto wako ni muntu ya sheria, muongezee mushahara. Na we Papa ya batoto, mi niko hapa na batoto bote, beko bazima, banakula. À vous."

Patroni akamwashiria binti aivae jile yake, akampa baba kinasasauti. Baba akabonyeza kitufe, akafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Nundu walisubiri, Fizi wakasubiri, na hakuna aliyekohoa.