Acacia ya Bongo

Mwaka ule nilikuwa nimechoka, na nataka hilo lijulikane mapema, maana ndicho kisingizio pekee nilichonacho. Alfajiri nilisafisha ofisi kule Etterbeek, mchana nikaosha vyombo kwenye mkahawa, na katikati nikasinzia kwenye tramu mpaka dereva aniamshe. Jumapili peke yake ndiyo ilikuwa yangu, nami niliipeleka kwa mbuzi.

Mbuzi walikuwa watatu, mali ya papa mmoja, ndivyo Wakongo wanavyomwita baba mtu mzima, mkimbizi kutoka Masisi, aliyeishi na mkewe kwenye maghorofa ya Berchem-Sainte-Agathe. Nyuma ya maghorofa kulikuwa na viwanja vya bustani, na Mbelgiji mmoja mstaafu, mfuga kuku, alikuwa amemwachia papa kona ya kiwanja chake. Kwao papa alikuwa mtu wa ng'ombe, na ng'ombe wote waliishia vitani. Mkewe aliniambia kwamba miaka miwili hapa mume wake hakuzungumza na mtu, mpaka alipopata mbuzi hao. Sasa jike mmoja alikuwa na mimba, na papa alikuwa akihesabu siku.

"Siku atazala," aliniambia, "njo nitajua niko muzima."

Mimi ni mtu wa Dodoma. Nimekua nyuma ya mbuzi, na kwa jambo hilo nilikuwa na maringo yasiyo na haya. Wakati wa joto nilimfundisha papa kukata yale majani yanayowasha kando ya reli na kuyaacha yanyauke juani, kwa sababu yakinyauka hayawashi tena na mbuzi huyagombania. Tulikata pia vichaka vya miiba vyenye matunda meusi. Kisha baridi ikaingia, majani yakaisha, ukabaki mkate mkavu wa majirani. Papa akaanza kuhangaika, maana mkate haujengi kitoto tumboni.

Ndipo nikauona mti. Ulikuwa pembeni mwa uzio, umepukutika, una miiba, na maganda bapa ya kahawia yakining'inia kwa mafungu. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Kwetu kiangazi kikikaza, maganda ya mgunga ndiyo yanayowavusha mbuzi. Huwapi mazima, kwa kuwa mbegu zake ni ngumu na hutoka kama zilivyoingia. Unayaanika, unayatwanga mpaka mbegu zipasuke, unachanganya na pumba.

Papa alimwuliza yule mwenye kuku. Mzee akajibu kwa Kifaransa cha kutosha mahubiri, nami Kifaransa changu kilikuwa cha ndoo na mifagio.

"Anasema nini?"

"Anasema ni acacia," papa akajibu. "Acacia ya bongo."

Ya Bongo! Nilicheka mwenyewe. Sisi Watanzania tulipokutana mjini tulikuwa hatuiiti nchi yetu jina jingine. Ilikuwa Bongo hivi, Bongo vile. Acacia tulifundishwa shuleni kuwa ndiyo migunga. Nikajua mzee amesafiri na mti wetu anaujua.

"Donc unaijua?" papa akauliza.

"Papa, huu nimekua nao."

"Bon. Mambo ya mbuzi, weye njo mwalimu."

Tuliyaanika maganda juu ya redieta ya kupashia nyumba joto, tukayatwanga kwenye kinu ambacho mkewe, maman, alitwangia sombe, yaani kisamvu, mpaka jirani wa chini akagonga dari lake kwa ufagio. Maman alinung'unika kwamba kinu chake kitaharibika harufu, lakini akaleta ungo na kupepeta mwenyewe. Unga ulitoka laini kabisa. Mbuzi wawili tuliwapa kidogo. Yule mwenye mimba tulimpa kwa bakuli, kwa sababu ndiye tuliyempenda.

Jumapili iliyofuata nilimkuta amelala, macho yamezama, akisaga meno. Papa alikuwa amepiga magoti kwenye matope na koti lake la kanisani. Daktari wa mifugo, dada mmoja mpole, aliuchukua unga kiganjani akauliza tumeutoa wapi. Nikamwonyesha mti.

"Faux acacia," akasema, kisha akaongea kwa kirefu. Papa akatafsiri polepole, bila kunitazama. Mti una sumu. Mbegu zikiliwa nzima, nyingi hupita zake. Zikisagwa, sumu yote hubaki tumboni.

"Anauliza nani alizisaga," papa akasema.

"Hiyo fo ni nini?" nikauliza, ingawa nilishaanza kuelewa.

"Faux? Ni bongo. Kitu ya kudanganya. Nilikuambia siku ya kwanza: acacia ya bongo."

Kwao bongo ni uongo. Nilikuwa nimekaa na Wakongo mwaka mzima, na neno hilo ama sikuwahi kulisikia, ama nililisikia nikiwa nasinzia. Niliona aibu. Swali moja tu lingetosha, lakini ningeuliza nini na nilikuwa najua kila kitu?

Jike alipona. Watoto wake wawili walitoka Jumanne, wamekamilika mpaka kwato, wamekufa. Papa aliwazika kabla sijafika. Nilifika kutoka kazini, mikono bado inanuka sabuni, nikaomba radhi kwa kila namna niliyoijua. Alikuwa akikisugua kinu cha maman kwa maji ya moto na chumvi, na hakuacha kusugua.

"Na kwenu," aliniuliza hatimaye, "Bongo maana yake ni nini?"

"Ni ubongo, papa. Akili. Tunasema kule bila akili huishi."

"Akili," akasema.

Akakilaza kinu maji yachuruzike. Kisha akachukua sufuria, akateremka kumkamua mbuzi, maana maziwa yalikuwa yamekuja na hapakuwa na wa kunyonya.