Sombe ya Watoto wa Uskoti

Juzi nilikuwa soko la Tsoka, hapa Lilongwe, nikakuta mama mmoja anauza sombe, yaani kisamvu, iliyokwisha kutwangwa, imefungwa kwenye mifuko ya plastiki. Nilinunua, maana siku hizi mimi ni mvivu kama watu wote wa mjini, lakini njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu. Ngoja nikueleze.

Nilikuwa darasa la sita pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wakati shule yetu ilipopata shule rafiki huko Uskoti. Barua yao ya kwanza tuliijadili wiki nzima. Walituambia wanaume wao huvaa sketi siku za harusi, nasi wasichana tukawatazama wavulana wetu hadi wakaona haya. Walituambia pia kwamba asubuhi wanakula uji wa chumvi, bila sukari. Hapo tuliacha kucheka. Tulidhani kwao sukari imeadimika, na mwenzetu mmoja akapendekeza tuwachangie.

Mwalimu wetu, mama wa Kimalawi aliyependa hati nzuri, alinichagua mimi niwajibu kuhusu chakula cha kwetu. Kwetu ni Bukavu, ambako nilitoka nikiwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo kila nilichoandika nilikipata kwa bibi yangu, tuliyemwita koko. Nilieleza jinsi ya kutwanga majani ya muhogo, nikasifu rangi ya mawese na harufu ya ndagala, wale dagaa wakavu. Wao walikuwa wameahidi kupika chochote tutakachowaandikia. Nilijiona balozi.

Ijumaa asubuhi mwalimu alikuwa anaipeleka barua posta, Lilongwe. Koko alikuwa anatwanga uani, nami nikamsomea nakala yangu kwa madaha, nikimtafsiria kutoka Kiingereza. Mchi ukasimama.

"Na kuchemsha? Uliandika bachemshe masaa ngapi?"

Sikuwa nimeandika. Nani huandika jambo kama hilo? Kwetu hata mtoto wa miaka mitano anajua kwamba sombe huchemshwa sana, sufuria wazi, mpaka sumu yake iishe.

"Utaua batoto ba bantu," koko akasema, akakaza kitenge.

Alipanda kabaza, ile baiskeli ya abiria, mimi nikimfuata mbio huku nalia, mpaka barabarani. Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye basi, bahasha imefungwa kwa gundi. Alisema hawezi kuifungua tena. Koko hakujua Kichewa isipokuwa neno moja, zikomo, yaani asante, basi akashika mlango wa basi na kulirudia. Zikomo. Zikomo. Dereva alipiga honi, koko hakuachia. Mwishowe mwalimu akanipa kalamu, nikaandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa kwamba majani yachemshwe masaa mawili bila kifuniko. Nadhani wafanyakazi wote wa posta, kutoka hapa hadi Uskoti, walijifunza kupika sombe.

Jibu lilichukua miezi. Koko aliniuliza kila nikirudi kutoka shuleni, na kila mara nilisema bado. Lilipofika, kumbe majani ya muhogo hawakuyapata kabisa. Walitumia spinachi, wakaichemsha masaa mawili kama nilivyoagiza, ikawa uji wa kijani, wakaula wote kwa adabu. Walituma picha ya darasa zima wamezunguka sufuria.

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Koko hakucheka. Aliiinamia ile picha, akapitisha kidole juu ya kila uso, taratibu, mstari kwa mstari.

"Njo hivi," akasema. "Bote iko." Yaani ndivyo, wote wapo.

Koko amezikwa kule Dzaleka, na picha iliharibika mwaka paa letu lilipovuja. Utotoni nilidhani alikuwa anahesabu kwa sababu ya kosa langu tu. Sasa nami nina watoto, na naelewa. Alikuwa amepikia watoto wengi, Bukavu na njiani tulipokuwa tukikimbia, na habari zao hakuzipata tena. Hao wa Uskoti ndio pekee walioweza kumtumia picha.