Kasha Kwanza, Kamera Baadaye

Hamdani hakuwahi kufunga chupa ya chai bila kuigeuza kichwa chini. Aliikaza, akaipindua juu ya kiganja chake chenye kidole cha mwisho kilichopinda, akahesabu polepole hadi kumi, ndipo akampa aliyeiomba. Wageni waliofika kwao Kamembe walicheka. Mama yake, Mukakalisa, alisema mwanawe alizaliwa akiogopa kuvuja. Hamdani hakubisha. Mtu anayeshuka mita ishirini ndani ya Ziwa Kivu akiwa na mtungi wa hewa mgongoni hana budi kujua kilichofunga na kisichofunga.

Clarisse, katibu wa ushirika wa wafugaji wa samaki, alikuwa amefanya naye kazi miaka sita. Hamdani ndiye aliyekuwa mzamiaji wao wa pekee. Alipita chini ya vizimba vya tilapia, akashona nyavu zilizotoboka, akakagua kamba zilizofunga vizimba kwenye nanga. Kazi yake yote ilikuwa mahali ambapo hakuna jicho la mwingine, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Katika mkutano wa mwezi mmoja alisimama akasema kamba ya kizimba cha tatu inaliwa na jiwe, na ikikatika, upepo utakibeba kizimba na samaki wake wote. Mzee Muhigirwa, mwenyekiti, alitikisa kichwa.

"Mwaka jana pia ulisema kamba. Tukanunua ingine. Ile ya zamani tukaivuta juu, iko muzima!"

"Mulivuta ya kizimba ingine, Mzee."

"Eh! Kule chini kila muntu ni shahidi wa yeye mwenyewe." Watu wakacheka. "Iko muzamiaji kule Karongi, anashukaka na kamera. Analeta picha, tunaona sisi wote. Tumwite yeye."

Clarisse aliinua kalamu.

"Munipatie mpaka mkutano ingine," alisema Hamdani. "Na mimi nitashuka na kamera. Nikikosa, mwite wa Karongi, mi nitarudi kutengeneza redio na bandugu zangu."

Tangu siku hiyo kila mtu pale gatini akawa mshauri. Mmoja alimwambia atie simu kwenye mfuko wa plastiki. Hamdani alijibu kwamba mfuko ule ni wa mvua; kule chini maji yangeubana mpaka kioo kipasuke. Mwingine alimwonyesha kamera ndogo ya kuvaa kwenye kofia. Peke yake ilivumilia mita kumi tu, na kasha lake la kuishusha zaidi lilikuwa ghali kuliko yenyewe.

"Bantu banauza kamera kwanza," alimweleza Clarisse, kwa Kiswahili cha kwao ambacho kuuza ni kununua pia, "halafu banatafuta nyumba yake, banakosa. Mi natafuta nyumba kwanza. Kila kasha iko na kamera yake moja tu, vifungo kwa vifungo."

Wala hakujali kama kamera ni ya zamani. Alitaka inayoona kwa upana, ili aweze kusogea karibu, maana kule chini rangi hufa na kila kitu huwa kijani. Pesa ambayo ingebaki ingenunua tochi.

Siku aliyovuka daraja la mpakani la Rusizi ya Pili kwenda Bukavu, Clarisse alikuwa anakwenda kumwona dada yake, wakaandamana. Katika duka la vitu vya mitumba la kijana aitwaye Ghislain walikuta kamera ndogo ya kijivu ndani ya kasha lake.

"Papa, hii ni ya mita makumi ine! Soma, bameandika hapa."

"Bameandika wakati ilikuwa mupya. Leta ndoo."

"Ndoo?"

"Ndoo ya maji. Na karatasi ya choo."

Ghislain alimgeukia Clarisse. "Maman, bwana yako iko mugonjwa?"

"Si bwana yangu," alisema Clarisse. "Lakini umupatie ndoo."

Hamdani alitoa kamera, akaweka karatasi mahali pake, akafunga kasha na kulizamisha. Alibonyeza vifungo vyake kimoja kimoja chini ya maji. Karatasi ilitoka kavu. Kifungo kimoja kilikuwa kizito kurudi, na kwa hicho bei ilishuka ikawa ya mbuzi wawili. Bado hakutoa pesa. "Ongeza mpira ya pili ya kuziba, na mafuta yake. Bila hiyo, naenda." Ghislain aliapa kwamba anaibiwa mchana, kisha akaongeza.

Jumatano kabla ya mkutano, Hamdani alifunga kasha tupu kwenye kamba pamoja na jiwe, karatasi ndani, akalishusha kando ya kizimba cha tatu. Wafanyakazi walijipanga kutazama.

"Papa Hamdani anapiga karatasi ya choo photo!"

"Muache, samaki baliiagiza!"

Lilipopanda, karatasi ilikuwa uji. Vicheko vikakatika. Clarisse akahesabu siku. Zilibaki siku tatu. Hamdani alifungua kasha, akapitisha kidole kwenye mpira, akakinusa. Samli. Ndani ya samli iliyoganda ulilala unywele mmoja wa mbuzi, wa kutosha kupitisha maji.

Mukakalisa alipaka samli kila kilichokuwa kinaanza safari: viatu vya ngozi, vichwa vya wajukuu. Alikipaka pia kitu kipya cha mwanawe, kwa baraka, bila kumwambia.

"Mama," alisema Hamdani, akacheka peke yake.

Hakumgombeza mama yake, siku ile wala baadaye. Alisafisha kasha, akaweka mpira wa pili, akaupaka tone la mafuta ya Ghislain. Akalishusha. Karatasi kavu. Akalishusha tena Alhamisi. Kavu. Ijumaa asubuhi ndipo kamera ikaingia, na yeye pamoja nayo.

Jumamosi, mkutanoni, Clarisse alifungua picha kwenye kompyuta ya ofisi. Kamba ilionekana imelala juu ya ukingo wa jiwe, nusu ya nyuzi zake zimekatika na kusimama kama manyoya. Kando yake, katika mwanga wa tochi, palikuwa na mkono wenye kidole cha mwisho kilichopinda.

Mzee Muhigirwa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mukono hii ninaijua."

"Iko yangu, Mzee."

"Na kamba?"

"Kamba iko yako."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na aliyecheka zaidi ni Mzee mwenyewe. Kisha akasimama, akaagiza kamba mpya ikanunuliwe siku hiyohiyo. Hakuna aliyemtaja tena mtu wa Karongi. Hamdani alikaa wima kwenye benchi, mikono juu ya magoti, kama bwana harusi anayepigwa picha. Clarisse aliandika kila neno, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita aliyoandika maneno ya wengine, aliona mwandiko wake ni mzuri.

Wiki iliyofuata alikuwa anahamia Nzahaha, kwenye ushirika mwingine, wa wakulima. Hakujua kama atakanyaga tena pale ziwani. Mkutano ulipokwisha, mlangoni alimwuliza Hamdani kama mwezi ujao ataleta picha nyingine.

"Nitaleta, Maman Clarisse," alisema. "Lakini mwezi ujao mutaniamini kwanza, halafu ndiyo mutaangalia picha."