Kaburi Nililolifyeka Kilimani Makere

Nimelificha jambo hili vya kutosha, acheni nilitoe. Mwaka watu wa Makere waliposhushwa kwenye kijiji cha ujamaa, mimi nilikuwa mwalimu mgeni kutoka Tanga. Kiha, lugha ya wenyeji, sikukijua, na baada ya kengele ya mwisho sikuwa na wa kuongea naye.

Nikasikia kwamba juu ya kilima kuna kaburi la watu wa kale, wa kabla hajatawala mwami yeyote. Jumapili nikapanda, nikakuta rundo la mawe limemezwa na nyasi. Kwetu kaburi hufagiliwa. Nikalifyeka mpaka likapendeza.

Tangu hapo kila Jumapili nilikwenda kukaa na marehemu wangu. Nilimsomea barua za mama. Nilimweleza habari za mchumba aliyeacha kuniandikia. Hakunijibu, lakini hata mchumba hakunijibu.

Siku moja natoka kujisaidia kwenye kichaka cha jirani, mahali pangu pa kila wiki, nikamkuta bibi mmoja kando ya mawe. Alikuja kuchimba mihogo kwenye shamba lake la zamani.

"Shikamoo, bibi. Nawe umekuja kumwona mzee wetu?"

Akayatazama mawe, kisha mimi, akanijibu kwa Kiswahili.

"Mwalimu, haya mawe aliyatoa mume wangu shambani, tulipokuwa tunalima. Makaburi ya wakubwa hatuyafyeki. Tunayaacha yaote msitu."

"Sasa kaburi lenyewe liko wapi?"

Bibi aliinua jembe, akaelekeza kwenye kichaka nilichotoka, na mkono wangu ungali kwenye kifungo cha suruali.